Jani la Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeanza kazi, na hasira zilinipanda kabla hata sijafika.

Mama mdogo alinisindikiza mpaka njia kuu. Jirani yetu muuza nguo akachungulia dirishani, akapaza sauti: "Hongera jamani! Wa lini huyo?" Mama mdogo akajishika tumbo, akacheka. "Mapacha hawa. Wanasubiri mvua zipite." Jirani akafurahi kama ameahidiwa yeye. Nilitamani kurudi nimweleze kwamba hakuna mapacha. Ni wengu wake umevimba, kwa sababu mwili wake hautengenezi protini moja tu, ile ya kuyeyusha aina fulani ya mafuta. Mafuta hayo yanamjaa kwenye wengu, kwenye ini, hata ndani ya mifupa. Ni msusi, na siku hizi hawezi kusimama mpaka amalize kichwa kimoja.

Sikumweleza jirani. Mimi si mtu wa kusema. Kwenye ripoti yangu ya mwisho mwalimu aliandika, "Ana akili, sauti hana." Ndiyo maana nimenunua daftari hili.

Kazi yenyewe ni hii. Kituo cha utafiti kinapanda mimea ya jamii ya tumbaku iliyobadilishwa ili majani yake yatengeneze ile ile protini anayoikosa mama mdogo. Majani yanachumwa, yanasagwa, kisha jengo la pili wanachuja mpaka ibaki dawa ya kudunga. Mwalimu wa biolojia ndiye aliyenitafutia nafasi wakati nasubiri chuo. Mkataba wangu ni wa msimu huu wa mvua tu. Kila asubuhi naingia kwenye banda la kioo, nachuma jani moja kwenye kila mmea uliowekwa alama, natoboa kiduara, nakitia kwenye kichupa, naandika namba, naweka kwenye barafu.

"Jani la tatu kutoka juu," alinifundisha mtaalamu wa hesabu, ambaye wote wanamwita Grafu. "Siyo la pili, siyo la nne. La tatu, daima dumu."

Nikaitikia kwa kichwa. Kabla ya saa sita alikuwa ameshanibatiza jina: Kimya.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Majani arobaini.

Ijumaa, 8 Machi

Grafu amenionyesha modeli yake na sijawahi kupenda kitu hivi tangu nimalize shule. Unaingiza uzito wa majani yote bandani. Unazidisha kwa kiasi cha protini kilichomo katika kila gramu, ambacho kinatoka kwenye viduara vyangu. Unazidisha tena kwa sehemu inayosalia baada ya kuchujwa. Chini kabisa inatokea idadi ya wagonjwa wanaoweza kutibiwa mwaka mzima.

"Mwanzoni tulikuwa na vyungu vidogo," akasema. "Mmea majani matano, basi. Wagonjwa wanane. Mwaka jana nikapiga hesabu, nikasema leteni vyungu vikubwa, ngojeni wiki tatu zaidi. Uzito ukaja mara tatu. Nane mara tatu?"

"Ishirini na nne," nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.

"Eti nini?"

"Ishirini na nne."

"Kumbe anaongea!" Akawageukia wenzake. "Jamani, Kimya ameongea, na jibu amelipata!"

Nilicheka mpaka masikio yakapata moto. Ni mtu mwema.

Alhamisi, 14 Machi

Mkutano wa wagonjwa. Daktari Mkuu, mwanamke mrefu ambaye miwani yake huning'inia kifuani kwa kamba, alisoma orodha kuanzia aliyezidiwa zaidi. Wa kwanza aliletwa kwenye kiti cha magurudumu. Mfupa wa paja umevunjika mara mbili bila hata kuanguka. Namba kumi na saba ni mama mdogo. Sindano ya kwanza 13 Mei, kisha kila baada ya wiki mbili.

"Kumi na saba," mama mdogo aliniambia tukitoka. "Namba ya watu wagumu. Haigawanyiki kwa yeyote." Alinikumbatia mpaka mwavuli ukageuka nje ndani. Mama alipopata habari alikaa sakafuni jikoni akalia.

Jumatano, 20 Machi

Mavuno ya kwanza ya vyungu vikubwa. Modeli ilisema tungepata gramu mia za dawa. Jengo la pili wameleta arobaini na tatu.

"Mzee ametia dawa kwenye chai yake tena," Grafu akasema, na chumba kizima kikacheka. Anamsema fundi wa kuchuja, mtu mzima wa makamo ya babu yangu, ambaye wanamwita Mzee Chujio. Amekuwepo hapa kabla ya jengo lenyewe kupakwa rangi.

Na mimi nilicheka.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua. Mawingu hayajafunguka hata saa moja. Mimea inarefuka kama inachungulia kitu.

Alhamisi, 28 Machi

Mavuno ya pili: arobaini na mbili. Daktari Mkuu alimfokea Mzee Chujio kwenye ukumbi, mbele yetu sote.

"Miaka yote hii, mzee, leo ndiyo umesahau kuchuja?"

"Ninachopewa ndicho ninachochuja, daktari."

"Unapewa mia, unarudisha arobaini. Sitini zinakwenda wapi?"

Mzee akatazama viatu vyake. Ameondolewa kwenye mashine, amepelekwa kuosha chupa.

Damu ilikuwa inanichemka. Niliona dawa ya mama mdogo ikimwagwa kwenye sinki kwa sababu ya uzembe wa mtu mmoja. Nilipopishana naye mlangoni sikumwamkia. Sijawahi kumpita mtu mzima bila shikamoo maishani mwangu. Yeye akasema, "Hujambo, mwanangu?" Nikanyoosha shingo nikaenda zangu. Na naandika ukweli: nilijisikia vizuri.

Jumatano, 3 Aprili

Wameleta fundi mpya wa kuchuja, amesomea nje, ana vyeti. Mavuno ya tatu: arobaini na mbili.

Grafu amesema basi mashine ndiyo mbovu. Hakuna aliyecheka leo. Hakuna aliyekwenda kumrudisha Mzee Chujio pia.

Jumatatu, 8 Aprili

Leo walikosa mtu wa kubeba, nikasaidia kuvuna. Nilikumbatia mmea mzima kifuani, na majani ya chini yakaniachia mikononi: ya njano, laini, mengine yana madoa kama karatasi iliyolowa. Nimeutazama mmea huu kila asubuhi kwa mwezi mzima na sijawahi kuinama.

Niliyahesabu majani yote ya mmea, juu mpaka chini. Kumi na manne.

Nilipiga moyo konde, nikamfuata Grafu mezani kwake. "Kaka, samahani. Kwa nini jani la tatu?"

"Kwa sababu la pili lina wivu."

Wakacheka. Nikasimama pale nikingoja jibu lenyewe. Alikuwa ameshageukia kompyuta.

Jumanne, 9 Aprili

Nimeiba. Sijui niiteje. Nilichuma majani yote kumi na manne ya mmea mmoja, nikatoboa kila moja, nikaandika vichupa kumi na vinne. Halafu nikagundua kwamba sijui kuendesha mashine ya kupima, na anayejua na ambaye hatanicheka ni mtu mmoja tu.

Alikuwa kwenye chumba cha kuoshea, mikono imezama kwenye povu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakugeuka. "Leo macho yameona?"

Nilitaka sakafu inimeze. "Nisamehe, mzee."

"Una shida gani?"

"Nina majani kumi na manne."

Akageuka, akatazama kisanduku changu cha barafu, kisha uso wangu. Akaanza kufuta mikono, kidole kimoja kimoja, bila haraka.

Ijumaa, 12 Aprili

Tuliyapata majibu leo saa tano. Nitaandika kama ilivyo.

Jani la tatu tulilipa mia, mengine tukayalinganisha nalo. La nne, tisini na tano. La saba, hamsini na tano. La kumi, kumi na nane. La kumi na mbili, sita. La mwisho mashine haikuona kitu.

"Jani likizeeka, na likikaa kivulini, linakula protini yake lenyewe," Mzee Chujio akasema. "Na huko chini ndiko kwenye uzito. Hayo majani mapana yote unayoyabeba, ni maji matupu."

"Nani aliamua la tatu, mzee?"

"Mimi."

Nikadhani ananitania.

"Zamani, enzi za vyungu vidogo. Mmea majani matano. Nikawaambia chumeni la katikati, ndilo litawaambia habari za mmea mzima. Katikati ya matano ni ngapi? Aliyefuata akafundishwa la tatu. Aliyemfuata naye akafundishwa la tatu. Mimea ikakua, namba ikabaki pale pale."

Nikazidisha uzito wa kila jani kwa kiasi chake, nikajumlisha, nikagawa. Nilirudia mara tatu. Kwa kila mia inayoahidiwa na modeli, mmea una arobaini na mbili.

Hakuna aliyemwaga kitu. Hakuna mashine mbovu. Mzee huyu alifokewa kama mtoto mwizi kwa sababu alirudisha kila kilichokuwemo, na mimi nikampita kama nguzo. Nilianza kulia. Akanipa kitambaa cha kufutia chupa.

"Usilie. Maliza hesabu."

Arobaini na mbili kwa mia ya wagonjwa ishirini na wanne. Ni kumi.

Mama mdogo ni wa kumi na saba.

Jumatatu, 15 Aprili

Nilimkuta Grafu peke yake, anakula karanga. Nikaweka karatasi mbele yake. Nilisimama tu kama mtoto aliyeleta barua ya mwalimu.

Alisoma. Hakushangaa. Hicho ndicho kilichonichoma kabla ya mengine yote: hakushangaa hata kidogo. Akafungua faili kwenye kompyuta yake, na humo mlikuwa na mchoro wangu. Majani kumi na manne, mstari ule ule unaoporomoka. Tarehe yake ni ya Januari.

"Ulidhani wewe ndiye wa kwanza kuchuma jani la chini?"

"Ulijua."

"Kaa chini. Sikiliza, Kimya. Ukisema wagonjwa kumi, hakuna mtu mkubwa anayekuja hata kutazama. Ukisema ishirini na wanne, wanakujengea banda la pili. Banda likisimama, hao ishirini na wanne wanakuwa wa kweli. Namba inatangulia, dunia inafuata."

"Na likichelewa kusimama?"

"Halitachelewa."

"Na Mzee Chujio?"

"Anaosha chupa. Hajafa." Akatafuna. "Halafu wewe una mtu wako kwenye orodha. Namba kumi na saba, siyo? Nilikuona mkutanoni. Haya, mwanahesabu, jipigie hesabu yako mwenyewe."

Akanisogezea karanga. Na mimi nikachukua. Nilichukua karanga, nikasema asante.

Jumanne, 16 Aprili

Sikwenda kazini. Nimesema naumwa.

Jumatano, 17 Aprili

Nimekwenda. Jani la tatu, mara arobaini.

Alhamisi, 18 Aprili

Jani la tatu, mara arobaini. Namchukia. Najichukia. Mvua.

Jumapili, 21 Aprili

Nimemwambia mama. Tulikuwa tunakunja nguo. Mama mdogo alikuwa amelala chumbani. Nilieleza vibaya, nikaanzia katikati, lakini mama alielewa upesi kuliko nilivyotaka.

"Nani mwingine anajua?"

"Mzee mmoja. Na huyo mtaalamu."

"Na mtaalamu amesema nini?"

"Ninyamaze."

"Basi nyamaza."

Nilidhani sikusikia sawasawa. "Mama, dawa ni ya watu kumi. Wakigawana ishirini na wanne, itaisha baada ya miezi mitano. Wote wataikosa."

"Miezi mitano ni miezi mitano."

"Na hao kumi ambao wangepona?"

"Ni ndugu zako?" Akalikunja shati moja mara ya pili, akalikunjua, akalikunja tena. "Huyu nimemlea mimi. Marehemu bibi yako aliniachia anatambaa. Usiniondolee mdogo wangu kwa sababu ya jani."

Mama huyu ndiye aliyenirudisha dukani nikiwa na miaka sita, kwa miguu, kwenye jua, nikarudishe peremende moja niliyozidishiwa. Nilitoka nikakaa barazani. Sikuwa na mahali pa kuiweka hasira, maana nusu yangu ilikuwa inataka amri ile.

Jumatano, 24 Aprili

Nimemuuliza Mzee Chujio: mtu akianza dawa halafu ikakatika, inakuwaje?

"Tumbo linarudi. Na mwili unaweza kuwa umeshajifunza kuipinga. Siku ikipatikana tena, huenda mwili ukaikataa."

"Kwa hiyo ni afadhali asianze?"

"Mimi fundi wa kuchuja, mwanangu. Wa kuosha chupa, siku hizi." Akaweka chupa kwenye rafu. "Lakini ungekuwa na jibu lingine usingeniuliza mara mbili."

Kweli, nilikuwa nimemuuliza jana pia.

Jumanne, 30 Aprili

Mama mdogo amejishonesha gauni lenye mkanda kiunoni. Alisimama mbele ya kioo ameshika ncha mbili za mkanda ambazo hazikutani. "Kufikia mwezi wa nane zitasalimiana," akasema. "Hapa pataonekana kiuno, na yule jirani ataniuliza mapacha nimewapeleka wapi."

Nikacheka. Nimekuwa hodari sana wa kucheka.

Jumatatu, 6 Mei

Nilikata shauri nikiwa bandani, nimeshika jani la tatu la mmea wa kumi na tisa. Niliweka kitoboleo chini. Nikaunyanyua mmea mzima na chungu chake, nikapita nao ukumbini, udongo ukidondoka nyuma yangu, mpaka ofisini kwa Daktari Mkuu. Sikubisha hodi kwa sababu mikono ilikuwa imejaa.

Nikaulaza juu ya meza yake.

"Wewe ni nani?" akauliza. Nimefanya kazi kwake miezi miwili.

"Mimi ndiye ninayechuma jani la tatu."

Kisha nikaongea. Sikumbuki nilianza na lipi. Nilimwonyesha jani kwa jani, nikamsomea namba, nikamwambia kuhusu faili la Januari. Alivaa miwani yake na hakunikatiza hata mara moja. Nilipofika kwenye kumi, alinyanyua kichwa.

"Umelijua hili lini?"

"Tarehe kumi na mbili."

"Leo ni sita."

"Ya Aprili, daktari."

Akavua miwani. "Wiki tatu na zaidi. Nimewaita watu ishirini na wanne. Wengine wameacha dawa walizokuwa wanatumia ili waanze hii Jumatatu ijayo. Wiki tatu unanipita mlangoni kila asubuhi na unajua?"

Ni kweli. Lakini kilichotoka kinywani mwangu hakikuwa samahani.

"Na wewe, daktari, ulimfokea Mzee Chujio bila kupima. Fundi mpya alipoleta arobaini na mbili hukumfokea. Ungeinama siku moja tu ungeona."

Aliusogeza mmea kando.

"Toka nje," akasema. "Usiende mbali."

Nilikaa kwenye benchi la ukumbini. Baada ya dakika kumi alitoka na koti la kazi, akaingia bandani mwenyewe, akachagua mimea mitatu kwa mkono wake, akachuma kila jani. Akaagiza Mzee Chujio aitwe. "Achana na chupa, mzee. Njoo unipimie." Hakumwomba radhi. Nilisubiri hilo neno, na halikuja.

Jumanne, 7 Mei

Arobaini na moja. Arobaini na tatu. Arobaini na mbili.

Alhamisi, 9 Mei

Wagonjwa wote waliitwa. Mama mdogo alivaa gauni lake, mkanda ameufunga nyuma kwa pini. Nilikuwa sijamwambia. Kila siku nilisema kesho, na mama alikuwa ananiangalia kila nikifungua mdomo mezani.

Daktari Mkuu alieleza kwamba hesabu ilikuwa na kosa na kwamba dawa ni ya watu kumi. Chumba kikawa kizito. Mwanaume mmoja akauliza, "Kosa la nani?"

Grafu akasimama, mpole, ameshika karatasi. "Ni hitilafu ya uchumaji wa sampuli. Kama mnavyojua, msimu huu tulikuwa na msaidizi wa muda, msichana aliyetoka shule juzijuzi, na bahati mbaya alikuwa anachuma jani lisilofaa..."

"Si kweli."

Niligeuka kuona nani amesema. Nyuso zote zilikuwa zinanitazama mimi.

"Mimi nimekuja Machi. Wewe una mchoro wa majani yote kumi na manne tangu Januari. Nilikuletea wangu tarehe kumi na tano Aprili, ukaniambia ninyamaze. Na nikanyamaza. Kosa langu ni hilo, siyo jani."

Daktari Mkuu alimwambia Grafu aketi. Akaketi. Kesho atahamishiwa ofisi nyingine ya kituo hiki hiki, kwenye kompyuta nyingine, na nadhani kwa kiti kizuri zaidi. Hiyo ndiyo adhabu yake. Zilisomwa namba, moja mpaka kumi.

Mama mdogo alimhoji mama pale pale, kisha akanifuata ukumbini. Nilidhani atanishika mkono.

"Tarehe kumi na tano Aprili," akasema.

"Mama mdogo, nilitaka..."

"Umemwambia mzee wa chupa. Umemwambia yule mshenzi. Umemwambia dada, naye amekaa nami mezani wiki mbili nzima ananisogezea mboga. Umemwambia daktari." Sauti yake ilikuwa ya chini, na hakukuwa na mzaha hata kidogo. "Tumbo la nani hili?"

"Lako."

"Nilikuwa najipima gauni na wewe umesimama hapo unacheka. Mngeniambia. Ningelia siku mbili, halafu ningekwenda kwa daktari mwenyewe, kwa miguu yangu, nikamwambia anifute. Hata hilo mmeninyang'anya."

Akaenda. Anatembea polepole, kwa hiyo niliiona safari yote, mpaka mlangoni.

Jumatatu, 13 Mei

Kumi wamedungwa sindano ya kwanza. Yule wa kiti cha magurudumu aliuliza kama inauma, akaambiwa kidogo, akasema basi iume.

Mama mdogo hasemi nami. Hasemi na mama pia. Tunapitishiana chumvi kama wageni.

Ijumaa, 17 Mei

Jua, saa mbili nzima. Mzee Chujio amerudishwa kwenye mashine. Daktari Mkuu amenipa faili la modeli. Anataka nipige hesabu ya vyungu vidogo vilivyobanana: mimea michanga, majani matano, inavunwa mapema, inapandwa upya. "Wewe unajua wapi ilipooza," akasema. Ndilo neno zuri pekee aliloniambia.

Jumatano, 22 Mei

Kimya nyumbani. Nilikuwa napenda kimya.

Jumamosi, 25 Mei

Mkataba uliisha jana. Nilikuwa mezani na karatasi zangu na penseli, asubuhi, mama ametoka. Mama mdogo akaja, akavuta kiti, akapandisha mguu unaomuuma kwenye stuli.

"Hiyo ndiyo hesabu iliyonitoa?"

Siku kumi na sita hakuwa amenisemesha. "Ndiyo."

"Nionyeshe."

Nilimwonyesha. Uzito, kiasi, kinachosalia baada ya kuchuja. Nilimchorea mmea na majani yake, nikamsimulia hata karanga za Grafu. Aliutazama mchoro, akatikisa kichwa.

"Kwa hiyo walishika nywele za mbele, zile zinazong'aa, wakasema kichwa kizima kiko hivi."

"Ndiyo hivyo hasa."

"Hata mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza angeshika za kisogoni." Akasogea karibu. "Haya. Na hivyo vyungu vidogo vinasemaje?"

Tukaanza. Yeye ananisomea namba, mimi nazidisha. Vyungu vingapi kwenye meza moja, mavuno mangapi kwa mwaka, siku ngapi za mawingu. Ilichukua saa nzima, na tulikosea mara moja, yeye ndiye aliyeona. Mwisho ikatoka kumi na tano, nukta sita.

Niliitazama ile namba. Kisha nikafuta sitini na nane kwa mia kwenye sehemu inayosalia baada ya kuchuja, nikaandika sabini na tano, nikazidisha upya. Kumi na saba, nukta mbili.

Mama mdogo aliweka kidole juu ya sabini na tano. "Hii umeitoa wapi?"

"Mzee Chujio anaweza kufika hapo."

"Ameshafika?"

"Bado. Lakini ni fundi, na amesema..."

"Ameshafika?"

"Hapana."

"Futa."

"Mama mdogo, ni saba tu kwenye mia, hakuna atakayejua..."

"Wewe!" Alipiga meza kwa kiganja, penseli ikaruka. "Utakuwa yule wa karanga, kwa ajili yangu? Futa."

Nilifuta. Nilifuta mpaka karatasi ikachubuka. Nikarudisha sitini na nane. Kumi na tano, nukta sita.

"Hiyo nukta sita ni mtu?"

"Hapana. Si mtu mzima."

"Basi ni kumi na tano. Namba kumi na sita ni nani?"

"Fundi viatu mmoja. Ana watoto wanne."

"Mimi na fundi viatu tutangoja, basi." Alisema kama anayesoma tangazo ukutani. Mkono wake ulikuwa juu ya tumbo lake, umekunja ngumi.

"Nina hasira," nikamwambia. Sijawahi kumwambia mtu hivyo kwa mdomo.

"Hata mimi. Tena na wewe bado ninazo." Akafungua mkoba wake, akanisogezea kalamu ya wino. "Andika."

Nikaandika kumi na tano, kwa wino, kwa nguvu, mpaka ikatokea upande wa pili wa karatasi.